Aliyeipa Bahari Ramani

Mwenye masikio na asogee karibu. Asiye nayo ataletewa barua yenye mihuri miwili, kama ilivyo desturi ya nchi tunayoisimulia.

Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Mwambani, na ilikuwa nchi yenye utaratibu. Jumanne moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, ardhi yake ilitetemeka bila kibali. Haikutetemeka sana. Vikombe viligongana kabatini, kuku waliacha kudonoa, na bwana mmoja aliyekuwa kwa kinyozi alitoka mbio akiwa na sharubu za upande mmoja. Yote hayo yangesameheka. Lakini katika ofisi mia mbili na kumi na nne za serikali, picha ya Mtukufu Rais ilianguka kutoka ukutani, na katika ofisi sita ilianguka kifudifudi.

Polisi walifika kabla vumbi halijatulia. Misumari kumi na saba ilikamatwa kwa mahojiano, na seremala aliyetengeneza fremu akaambiwa asisafiri. Siku ya tatu ndipo mtu mmoja wa Idara ya Upimaji na Ramani alipoandika dokezo la mistari minne, akieleza kwamba waliohusika si misumari. Chini ya bahari kulikuwa na miamba miwili mikubwa inayosukumana tangu dunia iumbwe. Siku miamba hiyo ikisukumana kwa nguvu zaidi, bahari nayo itasukumwa, na itapanda nchi kavu.

Mtu huyo alikuwa Bi. Hidaya Shekue, mchora ramani daraja la pili, mwenye miaka hamsini na mmoja. Alikuwa amekaa daraja la pili kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu daraja la kwanza lilikuwa na kiti kimoja, na aliyekikalia alikuwa na afya njema.

Kesho yake aliitwa kwa Waziri wa Ardhi, Bahari na Mambo Yasiyotarajiwa, Mheshimiwa Dokta Fumbwe Kilalo. Waziri alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mimbarini, na hata akiomba maji ya kunywa ungedhani anazindua kisima. Pembeni yake alisimama Katibu Mkuu, Bwana Lwitiko, mtu mwembamba ambaye hakumaliza sentensi bila kumtazama waziri usoni kwanza.

"Bi. Hidaya," waziri alisema, "umeiandikia serikali kwamba bahari inaweza kupanda."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ipande mpaka wapi?"

"Hilo ndilo halijapimwa."

"Basi kapime. Wizara yangu inashughulikia mambo yasiyotarajiwa, na siwezi kuyashughulikia kama sijaambiwa yatatokea wapi."

Katibu Mkuu aliyaandika maneno hayo, kisha akayapigia mstari.

* * *

Hidaya alitembea mwambao mzima kwa miezi mitatu, akiwa na darubini ya upimaji, miti ya kupimia na viatu vya mpira. Alipima urefu wa kila mtaa kutoka usawa wa bahari. Alihesabu nyumba za mawe na nyumba za udongo, akaandika zipi zingesimama ardhi ikitikiswa na zipi zingelala. Kila alipomkuta mtu anachimba kisima au choo, aliomba kushuka shimoni. Watu walimdhania ana kichaa cha aina ya kiserikali, ambacho hakiambukizi, wakamruhusu.

Katika mji wa Fungoni, ndani ya shimo la choo lililokuwa mbali kabisa na ufuko, alikuta kile alichokuwa akikiogopa. Chini ya udongo mwekundu kulikuwa na utepe wa mchanga mweupe wenye vipande vya kombe, unene wa kiganja. Mchanga hautembei peke yake. Bahari ilikuwa imewahi kufika pale, zamani, kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuiandikia barua. Hidaya alikaa mle shimoni akiushika ule mchanga hadi mwenye choo akamwita kumuuliza kama amepatwa na jambo.

Hatua mia mbili kutoka shimo lile, upande wa baharini, ilikuwapo Shule ya Msingi Fungoni, yenye watoto mia nane na thelathini. Mwalimu mkuu aliitwa Asumini Mshangama, mama wa makamo, mpana wa mabega, aliyefundisha hesabu kwa sauti iliyosikika sokoni, hata wauza samaki wakawa wanakosoana kwenye sehemu na asilimia.

"Shule yangu umeipaka rangi gani?" aliuliza Mwalimu Asumini, akiinamia ramani.

"Nyekundu."

"Nyekundu ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu, au mkiona maji yameikimbia pwani, msingoje kengele. Nendeni Kilima cha Nyuki. Nimepiga hesabu, kutoka mtikisiko hadi maji kufika ni dakika ishirini."

Mwalimu Asumini alipuliza filimbi. Aliwatoa watoto wote madarasani, akawatembeza hadi kilimani, Hidaya akiwafuata na saa mkononi. Walitumia dakika kumi na nne, pamoja na mtoto mmoja aliyerudi kufuata kiatu.

"Zinabaki sita," alisema Mwalimu Asumini, akihema. "Sita zinanitosha."

* * *

Ramani ilipotandazwa juu ya meza ya waziri, ilikuwa nzuri kama msala wa kuswalia. Nyekundu ilikuwa mahali ambapo maji yangefika, manjano mahali pa tahadhari, kijani mahali pa kukimbilia. Eneo jekundu lilikuwa kilomita za mraba arubaini na moja kamili, na Baraza la Mawaziri lilikwisha kuipitisha namba hiyo kabla ya kuiona ramani, ili kuokoa muda.

Waziri aliweka kidole katikati ya wekundu. "Hapa pana nini?"

"Hoteli ya Raha Tele, Mheshimiwa."

Hoteli ya Raha Tele, iliyokuwa ufukoni Fungoni, ilikuwa mali ya mama mkwe wa waziri, na kila mtu mle chumbani aliwahi kula kamba wake.

"Bi. Hidaya," alisema waziri kwa upole wa kutisha, "mama yule ana shinikizo la damu. Unataka kumpaka rangi hii?"

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni mwinuko wa ardhi. Pale ni mita mbili tu."

"Mwinuko ni suala la mtazamo," alisema waziri, na Katibu Mkuu akaliandika.

Wiki ile ile ilitolewa Fomu ya Kuomba Kuondolewa Hatarini, nakala tatu, picha mbili za pasipoti, na sahihi ya mjumbe anayethibitisha kwamba mwombaji ni mtu mwenye mwenendo mzuri asiyestahili kufikiwa na maji. Ya kwanza kujazwa ilikuwa ya mama mkwe. Hidaya alikaa nayo mezani siku nzima. Jioni alichovya brashi kwenye rangi ya kijani na kuifunika hoteli, akijiambia kwamba ni doa moja tu, dogo kuliko ukucha, tena hakuna anayesoma ramani katika nchi hii.

Ya pili ilikuwa ya Spika. Ya tatu ilikuwa ya mkuu wa majeshi, ambaye kwenye sehemu ya sababu aliandika, "Sitaki." Baada ya ile ya kumi, Hidaya aligundua kwamba mkono wake hausiti tena, na jambo hilo lilimsikitisha kuliko yote.

Tatizo likazuka. Kila walipoondoa wekundu, kilomita arubaini na moja zilipungua, na namba iliyopitishwa na Baraza haiwezi kupungua bila waraka mpya, na waraka mpya huchukua miaka miwili. Katibu Mkuu aliikodolea macho ramani.

"Huku kilimani," aliuliza, "wanakaa akina nani?"

"Mbuzi," alisema Hidaya. "Na nyuki."

"Hao hawajazi fomu." Alimtazama waziri usoni, akaona ametabasamu, akamalizia. "Basi wekundu uhamie huko."

"Bwana Lwitiko, kile ni kilima. Kina mita arubaini. Maji hayafiki."

"Ndiyo uzuri wake. Hatari ikikaa mahali isipofika, haimdhuru mtu."

Kwa hiyo Kilima cha Nyuki kikawa eneo la hatari, na Hoteli ya Raha Tele, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa kijani, ikatangazwa kuwa Kimbilio la Taifa. Ramani ikapigwa mhuri. Siku iliyofuata ikatoka sheria kwamba yeyote atakayekutwa na ramani nyingine ya karatasi atafungwa miaka mitatu. Hidaya aliirudisha kabatini brashi yake bila kuiosha.

* * *

Mwezi mmoja baadaye alitumwa Fungoni kukagua vibao. Alikikuta cha kwanza mbele ya shule, kipya, kimepakwa rangi ya kung'aa. Kilikuwa na picha ya mtu anayekimbia na mshale mnene, na chini yake pameandikwa TETEMEKO LIKITOKEA, KIMBILIA HUKU. Mshale ulielekea baharini.

Alipokuwa bado amesimama, filimbi ilipulizwa. Watoto mia nane na thelathini wakatoka madarasani kwa mistari, wakamsalimia kwa pamoja, "Shikamoo bibi," wakapita mbele yake wakikimbia kuelekea mawimbini, wadogo wameshikana mikono. Walifika ufukoni wakachuchumaa mchangani kwa utulivu, kama walivyofundishwa, nyuso zimeelekea maji.

Mwalimu Asumini alikuja nyuma yao, filimbi shingoni. Hakumsalimia.

"Ofisa wa elimu amekuja mara mbili," alisema. "Akasema nisipowapeleka huku, shule inafungwa na mimi naachishwa kazi. Sasa nakuuliza wewe uliyenipandisha mlimani na saa mkononi. Ipi ni ya uongo, ile ya kwanza au hii?"

"Hii."

"Na hii imechorwa na mkono wa nani?"

Hidaya alitaka kuzungumzia fomu, na mama mkwe, na waraka wa miaka miwili.

"Wangu," alisema.

Mwalimu Asumini alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyenakili jibu la jirani. Kisha aligeuka akaangalia wanafunzi wake waliochuchumaa.

"Wa mwisho pale, mwenye kaptula ya kijani, ana miaka sita," alisema. "Haya. Kulia utalia nyumbani. Hapa niambie tutafanyaje."

"Sheria inakataza ramani ya karatasi."

"Ya karatasi," alirudia Mwalimu Asumini. Aliinamisha macho akaitazama kanga aliyojifunga, akaishika pindo lake, akalivuta taratibu. "Hidaya mwenzangu. Kanga ina vitu vingapi?"

"Vitatu. Pindo, mji, na jina."

"Mji," alisema Mwalimu Asumini. "Sisi wenyewe tunauita mji."

* * *

Hidaya alichora kwa siku nane, usiku akilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu fomu zianze. Katika mji wa kanga ile, yaani uwanja wake wa katikati, sehemu ya chini ilijaa samaki wekundu, ya katikati ilijaa karafuu za manjano, na ya juu majani ya kijani. Mitaa ya Fungoni aliichora kama mashina ya maua yanayotambaa, kila kona mahali pake, na njia ya kilimani akaijaza yasmini nyeupe ili hata asiyejua kusoma aifuate kwa kidole. Mahali pa shule aliweka samaki mmoja mwenye kengele shingoni. Mahali pa hoteli aliweka samaki mnene mwenye kofia.

Michoro ya kanga ilipaswa kupitishwa na Ofisa wa Maadili ya Nguo, kijana mwenye miwani aliyeogopa mambo mawili, siasa na mafumbo ya wanawake. Hakuutazama mji hata kidogo. Alisoma jina lililoandikwa chini.

"Maji yakirudi nyuma hayajaaga," alisoma. Akasoma tena. "Hii anaambiwa nani?"

"Mume," alisema Mwalimu Asumini bila kupepesa. "Wa mtu fulani. Alimwacha mke, akaenda kwa jirani, mke akadhani ameondoka moja kwa moja."

"Kumbe atarudi?"

"Atarudi, mwanangu. Tena kwa kishindo."

Ofisa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyewahi kuona, akapiga mhuri.

Kanga iliuzwa Fungoni nzima katika wiki moja. Mwalimu Asumini alifanya kazi iliyobaki, kwa sauti yake. Sokoni, arusini, kwenye foleni ya maji, mwanamke akipita amejifunga ile kanga aliulizwa na wenzake, "We, unakaa samaki au majani?" Na kila aliyeulizwa alijua nyumba yake iko wapi mwilini. Watoto walifundishwa kwenye kanga za mama zao, huku kile kibao kikiachwa kimesimama palepale kwa ajili ya ofisa wa elimu.

* * *

Waziri aliamua kwamba ramani nzuri kama ile inastahili sherehe. Ikatangazwa Siku ya Usalama wa Mwambao, kwenye viwanja vya Hoteli ya Raha Tele, mbele kabisa ya ufuko. Watu wa Fungoni waliamriwa kuhudhuria. Jukwaa lilipambwa, bendi ya polisi ikapangwa, na akina mama wakaombwa waje wamevaa sare ili wapendeze kwenye televisheni. Walikuja mia tisa, wote na kanga ile ile, na kando yao Mwalimu Asumini na wanafunzi wake.

"Vazi zuri sana hili," waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Nawaona samaki, nayaona majani. Hii ndiyo sura ya usalama wetu."

Hidaya alikuwa ameketi safu ya tatu jukwaani, nyuma ya Katibu Mkuu. Waziri alikuwa amefika ukurasa wa tisa wa hotuba, pale panapoeleza jinsi hatari ilivyohamishwa bila kumwaga damu, ardhi ilipotikisika.

Safari hii haikuwa ya vikombe. Jukwaa lilicheza kama chekeche. Ukuta wa hoteli ulipasuka kutoka paa hadi chini, na watu wakashikana. Ilidumu kiasi cha mtu kusoma Alhamdu polepole. Ilipokwisha, waziri alijipangusa vumbi, akatazama baharini, na uso wake ukachanua.

Bahari ilikuwa imeondoka. Mahali palipokuwa na maji palibaki matope yanayong'aa, samaki wakirukaruka, na mashua mbili zimelala ubavu.

"Ndugu wananchi," alisema waziri, "hata bahari imesogea kumpisha mgeni rasmi."

Wachache kwenye safu ya mbele walipiga makofi. Akina mama mia tisa walisimama kwa pamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu Asumini alipuliza filimbi mara moja, na watoto mia nane na thelathini wakageuka, wakakipa mgongo kibao cha Kimbilio la Taifa, wakaifuata njia ya yasmini. Mpiga ngoma wa bendi alimwona mkewe kwenye kundi lile, akaiweka ngoma chini, akamfuata. Mpiga tarumbeta akamfuata mpiga ngoma.

"Kaeni," alisema waziri. "Sherehe haijafungwa."

Hidaya alimshika Katibu Mkuu mkono. "Bwana Lwitiko, tumebakiwa na dakika kumi na saba. Twendeni."

"Siwezi kuondoka kabla ya waziri." Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mheshimiwa, ondoka."

"Siwezi kuondoka kabla ya wimbo wa taifa," alisema waziri. Sasa naye alikuwa ameyatazama matope yale kwa makini, na sauti ya mimbarini ilikuwa imemtoka. "Ni kosa la kikatiba. Bendi iko wapi?"

Bendi ilikuwa imefika kwenye karafuu. Jukwaani walikuwa wamesimama vigogo thelathini, macho yamewatoka, kila mmoja akijua kwamba hapaswi kubaki na kila mmoja akimngoja mwenziwe avunje katiba. Hidaya aliwatazama. Aliwaza kwamba hawa ndio waliojaza fomu, na kwamba akiondoka kimya hakuna atakayemlaumu. Kisha alisogea mbele, akaweka mikono ubavuni, akauimba wimbo wa taifa wa Mwambani, beti zote tatu, peke yake, kwa mwendo wa mtu anayepigwa na mvua. Ubeti wa pili, unaozungumzia mashamba, aliumeza karibu wote. Alipofika neno la mwisho, "milele", vigogo walikuwa wameshavua viatu.

Walikimbia. Mkuu wa majeshi aliongoza.

* * *

Maji yalikuja katika dakika ya ishirini na moja, na Hidaya, akiwa juu kilimani, aliona aibu kidogo kwa kukosea kwa dakika moja. Hayakuja kama ukuta. Yalikuja kama uwanja mzima wa kijivu unaotembea, ukibeba mashua, meza, jukwaa na kibao chenye mshale. Yaliingia hotelini kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa jikoni. Yalipita shuleni hadi kwenye madirisha. Yalipanda mtaa wa posta, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakasimama. Kisha yakarudi.

Kule juu, watu waliitana majina mtaa kwa mtaa, na kila jina liliitika. Mwalimu Asumini aliwahesabu wanafunzi wake mara mbili, kisha akakaa chini na kujifunika uso. Hidaya alikaa kando yake. Mabega yao yaligusana.

Waziri suruali yake ilikuwa imebaki kwenye uzio wa seng'enge. Mama mmoja alimrushia kanga ajisitiri. Aliifunga kiunoni, akainama kuitazama, akafuata kwa kidole shina la ua moja, kona kwa kona, hadi akafika kwa samaki mnene mwenye kofia.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni kanga, Mheshimiwa," alisema Hidaya.

* * *

Serikali ilitangaza kwamba wimbi lilikuwa la kawaida ila lilizidisha ari. Ikaundwa Tume ya Uchunguzi, chini ya Jaji mstaafu Mkomwa, mzee aliyejulikana kwa kuwa hajawahi kumwachia mtu yeyote huru kwa kukosea. Tume iligundua jambo zito. Maji hayakuifuata ramani rasmi hata mahali pamoja. Badala yake yalikuwa yameufuata mstari wa ile ramani ya kwanza, iliyofutwa, kona kwa kona, hadi ngazi ya tatu ya posta. Bahari isiyokuwa na nakala isingeweza kulenga hivyo. Hidaya Shekue akashtakiwa kwa kuvujisha siri ya serikali kwa bahari.

"Umejuana na bahari kwa muda gani?" aliuliza jaji.

"Tangu nizaliwe, Mheshimiwa."

"Umewahi kubaki nayo peke yenu?"

"Mara nyingi. Nilikuwa naipima."

"Ukiwa na ramani?"

"Ndiyo."

"Imekunjwa au imekunjuliwa?"

"Ramani iliyokunjwa haifai kitu, Mheshimiwa."

Karani aliandika kwamba mshtakiwa amekiri kuikunjua mbele ya bahari. Kuhusu kanga hakuna aliyegusia, maana kielelezo kilikuwa kimewahi kuvaliwa na waziri.

Alitiwa hatiani. Kwa kuwa aliimba wimbo wa taifa, hakufungwa. Alihukumiwa asikanyage tena eneo la bahari maisha yake yote, asije akakutana nayo tena. Karani aliinua mkono akauliza eneo la bahari linaishia wapi, kwa sababu kwa ramani rasmi linaishia kwenye mchanga, na mshtakiwa angeweza kuishi kwenye Hoteli ya Raha Tele, au kilichobaki.

"Usinichezee," alisema jaji. "Eneo la bahari ni mpaka pale ilipofika."

Hapakuwa na ramani nyingine inayoonyesha pale ilipofika. Ikabidi ile ya kwanza itolewe kwenye sanduku la vielelezo, iambatanishwe na hukumu, na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Na kwa kuwa sheria inataka hukumu za namna hiyo zibandikwe kila mahali ili wananchi wamripoti mkosaji akivuka, nakala elfu tisa zilibandikwa shuleni, misikitini, makanisani, sokoni na kwenye vituo vya polisi, na mstari mwekundu ukaamriwa upakwe barabarani, mtaa kwa mtaa, mwambao mzima.

* * *

Wapaka rangi walifika mtaa wa Hidaya asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa mlangoni, mikoba imefungwa, akiwangoja. Nyapara wao, Bwana Ngwali, mtu mzima mwenye rangi kwenye kope, alimwita kwa furaha.

"Bibi, leo una bahati. Mstari umepita mbele ya kizingiti chako. Nyumba imebaki upande wa juu. Fungua mikoba yako, hukumu haijakugusa."

Hidaya aliutazama mstari uliokuwa bado unang'aa kwa ubichi. Akainyoosha ile ramani ya hukumu iliyokuwa mikononi mwa Ngwali.

"Mmepimia kutoka nguzo ipi?"

"Ile ya umeme."

"Ramani inasema nguzo ya simu."

Ngwali alitazama nguzo moja, akatazama nyingine. Kati ya nguzo hizo kulikuwa na hatua kumi na nane. Aligeuka akaitazama nyumba, milango yake ya kijani, na mama huyu aliyezaliwa ndani yake, kisha akateremsha sauti.

"Bibi, nikianzia kule, nyumba yako inaingia. Hutalala humu tena. Hatua kumi na nane tu, nani atajua?"

"Najua kwamba inaingia. Mara ya kwanza niliipima mara tatu, nikiomba niwe nimekosea." Alionyesha kwa kidevu nyumba zilizofuata kwenye safu ile ile. "Pale kwa mama Zamda, na wale wenye mapacha, na yule bwana asiyeona. Wakiona mstari uko huku chini, siku hiyo watabaki ndani wakinywa chai."

Ngwali aliwaita watu wake warudi na ndoo.

"Nishikie ncha ya kamba," alimwambia Hidaya. "Wewe ndiye unayejua mahali."

Aliishika. Walipima kutoka nguzo ya simu, mara mbili, na rangi ikapita nyuma ya nyumba yake, karibu na ukuta wa jikoni. Hidaya aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani na birika mkononi. Alifunga mlango, akaitwaa mikoba, akazunguka nyuma ya nyumba na kuuruka mstari kwenda upande wa juu bila kuukanyaga, kwa kuwa ulikuwa bado mbichi.